Saa Iliyokataa Kufa Kwenye Ndoo

Wiki jana mliniacha sebuleni kwa wakwe zangu, nimesimama kama mshtakiwa, kiboksi mkononi, mama mkwe akinipima kwa macho kutoka unyayo hadi utosi.

Ambaye hakuwepo, nimfupishie. Mimi ni msusi. Nimeolewa huu mwaka wa pili, na ndani ya muda huo nimemuunguza mama mkwe sikio kwa pasi ya nywele, nimempaka nywele rangi nyeusi ikatoka ya machungwa, akaificha chini ya kilemba siku nzima ya harusi ya dada yake, na nimemkalia paka wake. Paka alipona. Mimi bado.

Baba mkwe amestaafu. Alikuwa mpiga mbizi wa idara ya maji, yule anayeshuka chini kuzibua malango ya bwawa kuu. Nikasema, hapa ndipo pa kununulia amani. Nikamletea saa.

"Saa gani?" aliuliza mama mkwe.

"Ya wapiga mbizi, Mama."

Akavuta pumzi ndefu. "Afadhali ungemletea nyoka."

Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa, saa yenyewe ndiyo habari ya mjini mwaka huu. Kinyozi wa mlango wa pili na saluni yangu haongei kingine. Ni mpya, lakini imeundwa kwa sura ya zile za zamani: kioo kimevimba kidogo, duara jeusi la nje linazunguka, namba zina rangi ya chai ya maziwa. Nyuma imeandikwa kwamba inavumilia maji mita mia mbili. Wanaume wanaoivaa, wengi wao, maji marefu kuliko yote waliyowahi kuingia ni ya beseni.

Baba mkwe, ambaye kazini walimbatiza Mzee Kina, alifungua kiboksi taratibu. Akaigeuza saa. Akaiweka sikioni. Akazungusha lile duara. Kri, kri, kri.

"Linacheza kidogo," alisema. "La kwangu lilikuwa gumu kama mlango wa benki."

Moyo wangu ukashuka ngazi mbili.

Akaisogeza dirishani. "Na hizi namba mbona zimechujuka?"

"Hazijachujuka, Baba. Ndiyo mtindo. Zimepakwa hivyo makusudi, ionekane ya zamani."

"Wameipaka uzee?"

"Ndiyo, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mkwe wangu! Wewe kazi yako kuwapaka wazee ujana, na hawa wanakipaka kitu kichanga uzee. Mkikutana mfungue duka!"

Kisha macho yake, bila kukusudia nadhani, yakapanda mpaka kwenye nywele za mama mkwe.

Nywele za mama mkwe ni nyeusi kama kiwi ya viatu. Rasmi, ni damu ya ukoo wao. Yasiyo rasmi yanajulikana na mimi, yeye, na mlango wa nyuma wa saluni yangu.

Mama mkwe alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele kidogo. Nikajua nitalipa.

Mume wangu anauza spika, na yeye mwenyewe ni spika. Akadakia ili kuokoa jahazi, akalitoboa. "Baba, kwa saa hii unaweza kurudi majini hata leo!"

"Harudi," alisema mama mkwe.

"Mama, nimesema tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Niwaeleze. Siku yake ya mwisho kazini, Mzee Kina alizama kwenye lango la bwawa kuu. Huko chini sikio likapasuka, mkanda wa saa ukakatika, saa ikabaki huko, na yeye akapandishwa juu kwa kamba. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Tangu siku hiyo mama mkwe amempiga marufuku maji. Mume wangu hutania kwamba hata kuoga, mzee anaoga mlango wazi.

"Majini sirudi," alisema Mzee Kina, akimtazama mkewe pembeni. "Ila saa haihukumiwi mezani. Leteni ndoo. Ikae humo mpaka baada ya chakula. Ikitoka hai, tutaongea. Ikifa, basi, ni pambo."

Ndoo ikaletwa, ikajazwa maji, ikawekwa bafuni. Saa ikazamishwa. Mzee akaenda kusikiliza redio, mume wangu akaenda kumsaidia kusikiliza.

Mimi niliitwa jikoni.

Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu na hakuniangalia. "Wewe ndiye uliyekileta hiki kitu. Wewe ndiye utakayekiua."

"Mama?"

"Kina kitufe pembeni, kinafungwa kwa kuzungushwa. Yeye mwenyewe aliniambia zamani, kikiwa wazi saa haina ulinzi. Nenda kakifungue."

"Lakini Mama, itaonekana nimenunua feki."

"Ndiyo."

"Watanicheka."

"Umezoea."

Nilisimama pale, machozi yananitoka, nikavisingizia vitunguu. Nimewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila siku hiyo niliuziwa wawili. Saa ikifa, mimi ni mkwe wa vitu feki mpaka naingia kaburini. Saa ikiishi, mume wangu hatanyamaza mpaka mzee arudi majini, na likimpata la kumpata huko, jina litakalotajwa ni langu.

"Mama, kwani unachokiogopa hasa ni nini?"

Kisu kikasimama juu ya kitunguu. "Nimekutuma au nimekuita tupige soga?"

Nikaenda. Nikatia mkono kwenye ndoo, nikapapasa kitufe, nikakizungusha mpaka nikasikia kimelegea. Nikajifuta kwa gauni, nikarudi na uso wa mtu aliyetoka kunawa.

Chakula kilipokwisha tukaingia bafuni wote wanne. Nimehudhuria misiba mingi maishani, lakini sijaona watu wakizunguka maiti kwa utulivu kama tulivyoizunguka ile ndoo. Mzee alikunja mkono wa shati, akaitoa saa, akaifuta kwa kidole gumba.

Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea kama mwenye shughuli zake. Kioo kikavu. Hata ukungu hakuna.

"Iko hai!" mume wangu alipiga kelele, akatoka mbio na simu yake.

Mama mkwe alinigeukia. Nikamwapia kwa macho. Nikamwapia kwa nyusi. Hakuamini hata kimoja.

Lakini aliyenishangaza ni mzee mwenyewe. Alitabasamu kwa mdomo tu. Macho hayakuhudhuria.

"Mkwe wangu," aliniambia, "njoo unisaidie kuanua nguo."

Mzee Kina hajawahi kuanua hata leso yake. Nikamfuata uani. Akajificha nyuma ya shuka lililoanikwa, akanionyesha saa.

"Nani amefungua kitufe?"

"Mimi, Baba."

"Umetumwa."

Nikaanua soksi moja. Mkwe mwenye akili hajibu jambo ambalo si swali.

"Umekilegeza tu," aliendelea kwa kunong'ona. "Ulitakiwa ukivute nje. Ukilegeza bila kuvuta, mpira wa ndani bado unazuia maji. Tena kwenye ndoo! Mwanangu, hata kuua saa hujui?"

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Mimi nilikuwa naomba ife."

Nikadhani sikusikia vizuri.

Aliishika kamba ya nguo kama mtu aliyepanda gari bovu. "Sikio halikupasuka," alisema. "Lile lango lina bomba. Unaingia kifudifudi. Nilishapita mle mara nyingi kuliko mlango wa nyumba hii. Siku ile nilipofika katikati nikasahau juu ni wapi na chini ni wapi. Hivi hivi tu. Nikaanza kutazama saa, nikaona sekunde zinakwenda haraka kuliko hewa yangu. Na mkanda haukukatika. Niliivua mwenyewe, nikaitupa, nisiione."

Shuka lilipigwa na upepo, likanigusa uso. Nilishukuru, maana sikujua niuweke uso wangu vipi.

"Mama anajua?"

"Akijua, nitakufa kwa aibu. Yule anaamini aliolewa na simba wa maji. Ndiyo maana saa yako imenitia matatani. Ingekufa, ningesema, aa, vifaa vya siku hizi! Mjadala umekwisha. Sasa nimebaki na nini cha kusingizia?"

"Marufuku ya Mama, Baba."

Akanitazama kama mtu aliyekumbushwa kwamba ana mwavuli. "Kweli," alisema. "Marufuku ya mama yako. Mungu ambariki yule mwanamke." Kisha akanishika kiganja. "Niahidi hutamwambia."

Nikaahidi. Sijamaliza kusema, nikasikia honi getini.

Mume wangu alikuwa amepiga simu.

Gari la idara ya maji liliingia likiwa limejaa wapiga mbizi, mitungi ya hewa na vicheko. Mbele alikaa mkuu wao mpya, bonge la mtu wanayemwita Boya, kwa sababu hazami mpaka afungwe vyuma vya kumvuta chini.

"Mzee Kina!" Boya alishuka, gari likapanda juu kidogo. "Tumesikia umepata saa! Uliondoka kazini hukuagwa. Leo tunakwenda bwawa la mazoezi. Unashuka mara moja, unagusa sakafu, unapanda, tunapiga makofi. Basi!"

"Haendi," alisema mama mkwe kutoka mlangoni.

Nilimwona mzee akishusha mabega. Laiti mngeuona uso wake! Ni uso wa mtu aliyesamehewa deni.

"Mmemsikia wenyewe," alisema. "Ningependa sana. Lakini ndiyo hivyo, mwenye nyumba ameshasema."

Hapo mambo yangeishia. Lakini Boya alipenda kuchekesha watu.

"Kumbe siku hizi Mzee Kina anapimiwa kina na mama!"

Gari zima likaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, kwa sauti ileile anayouzia spika. Mzee alitazama kile kicheko kimoja cha mwanawe, si vya wale wengine. Akaivaa saa.

"Twende," alisema.

"Mzee," mama mkwe aliita, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nimesema twende."

Mama mkwe akatupa aproni kwenye ukuta wa ua, akapanda gari kabla ya mumewe. Akakaa kiti cha mbele, cha Boya. Boya akasafiri nyuma na mitungi.

Bwawa la mazoezi ni la saruji, refu kwenda chini, maji yake ya kijani kidogo. Sakafuni, Boya alitueleza, kuna bomba la zege refu kama basi. Wageni kazini hufundishwa humo kupita kwenye nafasi finyu.

"Hilo wewe achana nalo, Mzee," alisema. "Sakafu tu."

Nilimtazama baba mkwe akivalishwa mtungi wa hewa. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta kazi. Vilifunga kamba kiunoni, vikafungua, vikafunga tena. Alizungusha duara la saa, kri, kri, akanitupia jicho mara moja. Nikafungua mdomo. Akatikisa kichwa. Nikaufunga.

Boya akaeleza kanuni ya kamba: mzee akivuta mara moja, yuko salama, akivuta mfululizo, apandishwe haraka. Akataka kuishika. Mama mkwe akamnyang'anya.

"Mama, hiyo ni kazi ya kikosi."

"Huyu ni mume wangu. Wewe nenda kashike kamba ya wako."

Mzee akashuka. Maji yakamfunika kiuno, mabega, kichwa. Tukabaki na mapovu.

Kamba ikavutwa mara moja. Mama mkwe akajibu mara moja.

"Yuko salama," alisema Boya. "Ameshagusa sakafu. Sasa anapanda."

Mapovu hayakupanda. Yalianza kwenda pembeni.

"Anakwenda wapi?" aliuliza mume wangu.

Boya aliacha kutabasamu. Mapovu yalisogea taratibu, pu, pu, pu, kuelekea upande wa bomba. Kamba ikatikisika. Kisha ikalegea.

Mama mkwe alivuta. Ikaja nyepesi. Akavuta tena, mkono juu ya mkono, kamba ikijikunja miguuni mwake, mpaka ncha yake ikatoka majini.

Mtu hakuwepo. Ilikuwepo saa, imefungwa kwa fundo safi kabisa.

Wanaotaka kujua kama saa hiyo inafaa pesa yake, niwajibu sasa hivi. Inafaa. Ilikuwa inatembea vizuri, haina hata tone ndani.

Mapovu yalikuwa yamekoma juu ya maji.

Nilivunja ahadi. "Mama! Baba hakupasuka sikio! Alishikwa na hofu ndani ya bomba, ameniambia leo, anaogopa, nilimwahidi nisikwambie."

"Najua."

Alikuwa tayari amevua kiatu kimoja.

"Unajua?"

"Mtu nimelala naye miaka yote hii. Anaamka anahema, anapapasa ukuta atafute mlango. Utaniambia ni sikio?" Kiatu cha pili kikaruka. "Kwa nini unadhani nilimkataza?"

"Kwa sababu unaogopa..."

"Ili akiulizwa mbona hazami, awe na mtu wa kumlaumu! Mke mkorofi ni kisingizio kizuri kwa mwanamume. Ukorofi nimeubeba bila shida. Sasa huyu mjinga," alimsonta Boya bila kumgeukia, "amemcheka mbele ya mwanawe, na amekwenda kulitafuta lile bomba lake."

Boya alikuwa anapigana na mkanda wa mtungi uliokataa kumzunguka tumbo. Mume wangu alikuwa ameganda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutoa sauti yoyote.

Mama mkwe alinipa saa. Akalizungusha lile duara kwa mkono wake, haraka, kama mtu anayejua, akaweka alama mbele ya mshale wa dakika.

"Mshale ukifika hapa sijatoka, pigeni simu ya gari la wagonjwa."

"Mama, unajua kuogelea?"

"Tulikutana wapi, unadhani? Kanisani?"

Hakuruka kama mama mkwe. Aliingia kama sindano kwenye kitambaa. Maji yakafunga mlango nyuma yake.

Nilimpigia kelele Boya avae. Nikampigia kelele mume wangu apige simu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni, kisha akaanza kuitafuta simu kwenye mifuko, ilhali ilikuwa mkononi mwake. Wapiga mbizi wakakimbilia mitungi iliyobaki garini, mmoja akajitosa bila mtungi, akatoka anakohoa, akatikisa kichwa, akazama tena.

Nami nikatazama saa. Nimeichukia, jamani. Kwenye ndoo nilitaka isimame ikakataa, na pale nilitaka isimame ikakataa vilevile. Mshale ulijikokota mpaka kwenye alama. Ukaigusa. Ukaanza kuipita.

Ndipo maji ya upande wa pili, kwenye mdomo wa mwisho wa bomba, yakachemka. Mapovu mengi, makubwa. Mkono mmoja ukatokeza juu ya maji, vidole vimekunjuka, pete ya ndoa inang'aa.

Mmoja tu. Na wakwe zangu wote wawili wanavaa pete.